Nguzo Kwenye Njia ya Mbao

Dada yangu ni fundi cherehani, na mashine yake huizungusha kwa mkono kwa sababu miguu yake haikupata kukanyaga pedeli. Wateja wanamwita Bi Kipimo: futi ya kupimia haitoki shingoni mwake hata akisinzia mchana. Ukimpelekea kitambaa pungufu hakushonei kwa huruma, anakurudisha dukani.

Mwaka ule alitia nia ya kwenda kwenye hifadhi ya msitu wa pwani, ule ambao miti yake inaishia mchangani. Alitaka aingie msituni na atokee baharini kwa magurudumu yake mwenyewe. Maisha yake yote amebebwa: shuleni, hospitalini, hata kwenye harusi yangu. "Safari hii sibebwi," alisema, akapiga simu hifadhini. Wakamwambia njia ya viti vya magurudumu ipo, ya mbao, mpaka ufukweni. Akabadilisha tairi, akajishonea glavu za jinzi.

Tulikwenda watatu: yeye, mimi na mume wangu, ambaye kazi yake ni kupakua magunia sokoni, na akiona kitu kizito mikono inamwasha.

Njia ya mbao ilikuwepo kweli, pana na laini, imepita juu ya mizizi na matope. Ila mwanzoni kabisa, katikati, palisimikwa nguzo ya chuma, na kila upande uzio. Dada alijaribu kupita kushoto, kiti kikagoma. Kulia, kikagoma.

"Ni kwa ajili ya pikipiki za wezi wa magogo," mlinzi alieleza kwa upole kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Usijali dada, tunakubeba mara moja tu."

Damu ilinichemka. Mume wangu alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Njoo shemeji, nikuvushe."

"Mimi si gunia, shemeji. Magunia yako umeyaacha sokoni." Akamgeukia mlinzi. "Wenye viti kama mimi wamepita wangapi?"

"Bado hajaja mtu."

"Hajaja, au alikuja akarudi?"

Mlinzi alikuna kichwa. "Walikuja wawili. Walikataa kubebwa, wakarudi."

Hapo Dada akafunga breki. Akatoa sketi ya mteja mkobani, akaanza kupiga pindo mbele ya nguzo. "Kamwite mkubwa wako. Mimi nipo."

Watu walijipenyeza pembeni yake, wengine wakiomba radhi kana kwamba wao ndio walioisimika. Bwana mmoja alimwambia asiwaharibie watu siku ya mapumziko. Nikamjibu maneno ambayo hayaandikiki. Dada hakuinua uso, lakini pindo lilikwenda upogo, akalifumua akaanza upya. Aliogopa kurudi nyumbani bila kuiona bahari, na aliogopa zaidi kuiona akiwa mgongoni mwa mtu.

Mkuu wa hifadhi alifika na askari wanne wenye mabega. "Karibu sana, mama. Hawa watakubeba kwa heshima zote."

"Heshima nimeiona. Nataka njia. Huyu mlinzi anakaa hapa kutwa?"

"Kutwa nzima."

"Basi pikipiki ikija, hawezi kuiambia irudi?"

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mkuu alimtazama mlinzi, mlinzi akaitazama nguzo.

"Imejengewa zege, mama."

"Mtaimbo mnao?"

Mtaimbo ulikuwepo. Dada akamgeukia mume wangu. "Shemeji, si ulikuwa unatafuta mzigo? Ndio huo."

Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa furaha namna ile. Askari walivunja zege, yeye akaikumbatia nguzo akaing'oa kama jino bovu. Mkuu aliahidi kuweka geti. Dada, anayezijua ahadi za mdomo, alivua futi shingoni, akapima upana wa kiti na mikono yake pembeni, akatoa mkobani utepe mwekundu, akaukata kwa kipimo hicho, akaufunga kwenye uzio. "Geti lisipungue hapa hata kidogo."

Kisha akaingia. Nilishika kiti kwa mazoea. Akaupiga mkono wangu kofi. Alisukuma, akapumzika, akasukuma tena huku jasho likimtoka, mpaka miti ikaachana na bahari ikawa mbele yake. Alilia. Nami nililia. Mume wangu alisingizia upepo.

Mwaka uliofuata tulirudi, nami njia nzima nilikuwa nimejiandaa kugombana. Geti lilikuwepo, na utepe umepauka lakini uko palepale. Mvua ilikuwa imenyesha. Kiti cha Dada kilipokuwa kikiteremshwa garini, niliona kwenye mbao michirizi miwili myembamba ya matope, imeingia msituni.

"Ni mmoja wa wale wawili waliorudi," mlinzi alisema, akifungua geti. "Yuko ndani tangu asubuhi."

Dada alivaa glavu zake, akaanza kusukuma kwa haraka.