Mwiko wa Mama Turfosa

Mume wangu Cephas hawezi kunyamaza akiwa na njaa, na tangu tuoane hajawahi kufika kanisani kabla ya wimbo wa pili. Lakini mpe matofali, umwachie na ufito wake, atakujengea jiko ambalo utatafuta sababu ya kuingia hata siku ambayo hupiki. Nasema kasoro kwanza ili msidhani namsifu kwa kuwa ni wangu.

Ufito wenyewe ni wa mpera, umejaa alama za kisu, na kila alama ni kimo cha kiwiko cha mwanamke mmoja aliyemjengea jiko. Kazi hiyo alifundishwa na Bi Ruqia, mke wa Mohamednur mwenye duka la vitambaa Migori mjini, ambako tunaishi. Cephas alifika pale siku ya kwanza na futi yake, akaanza kupima kuta. Bi Ruqia akamwekea kigoda mlangoni.

"Fundi, hebu kaa hapo kwanza," akamwambia. "Mimi napika pilau, wewe tazama tu. Anayekaa humu ni mimi, si ukuta."

Cephas alitazama mpaka pilau ikaiva, akala, akarudi nyumbani bila kupima chochote ila kiwiko cha mama huyo. Jiko alilolijenga baadaye lilikuwa na vigae na meza ya simiti kama majiko ya watu wakubwa, ila wageni waliokuja kuliona walisahau kuondoka. Tangu hapo hagusi tofali kabla ya kumtazama mwenye jiko akipika chakula kimoja, kuanzia kuwasha moto hadi kupakua.

Mwaka wa tisini na sita kaka yangu mkubwa, Onyango, alimwomba amjengee mama yetu, Mama Turfosa, jiko, kule nyumbani karibu na Sindo, kando ya ziwa. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana mama yetu ni mama mkwe wa Cephas.

Asiyejua kwetu nimweleze. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe, hamtazami akipika, wala hapandi juu ya paa lake. Ni mwiko. Kiswahili kina neno moja kwa kitu hicho na kwa kile cha kusongea ugali, na mwaka ule niliviogopa vyote viwili. Fundi asiyeweza kujenga bila kumtazama mpishi alikuwa amepewa mpishi mmoja asiyeruhusiwa kumtazama.

Na kukataa hakukuwezekana. Mwezi wa kwanza Mama Turfosa alikuwa ameungua mkono kwa uji, na haikuwa mara ya kwanza. Onyango akaja kutoka Nairobi, akatukalisha chini. Ikifika Pasaka, akasema, Mama awe anapika katika jiko la kisasa lisiloweza kumchoma, naye aone kwa macho yake. La sivyo atamchukua Nairobi akae kwenye kiti, apikiwe. Alisema kwa mapenzi, sikatai, lakini mapenzi mengine yanakuja na kamba mkononi.

Onyango alipoondoka, Mama aliniambia taratibu, "Mwanamke asiye na moto wake ni mgeni. Sasa na uzee huu nianze kuwa mgeni wa watu?" Sikuwahi kumsikia mama yangu akiogopa. Nikaapa moyoni kwamba haendi popote.

Mimi ndiye niliyetumwa kupima kile kiwiko. Nilimkaribia na ufito kama mtu anayetaka kumkamata kuku. Akaushika, akazipapasa zile alama kwa vidole, akajua.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "anayepimwa kwa kijiti ni mtu wa sanduku. Mume wako si anatengeneza majeneza pia?"

Kweli anatengeneza. Nikashindwa. Basi nikajaribu kukaa jikoni nimtazame tu, lakini kila alipowasha moto alinituma: kalete kuni, kaangalie kuku, kamwulize rafiki yangu Monicah kama ana kitunguu. Nikadhani ni ukali wa uzee tu.

Cephas akatumia kiwiko changu, kwa kuwa mimi ni damu ya Mama. Alijenga hatua ishirini kutoka jiko la zamani, kwa kufuata picha aliyoileta Onyango, iliyokatwa kwenye kalenda: meza ndefu za simiti, kila kitu ndani ya kabati, kila kabati na mlango wake. Fundi mwenzake Makori, mtu wa upande wa Kisii, ndiye aliyepanda kuezeka mabati na kupitisha chimni, huku Cephas akielekeza kutoka chini. Jioni wote wawili walikwenda kulala Sindo mjini, maana mkwe hajizoeshi kulala ukweni.

Zilipobaki wiki mbili Pasaka ifike, nikamleta Mama. Aliingia mikono ikiwa mbele, akagusa meza, akaifuata hadi mwisho wake, akagonga paji la uso kwenye mlango wa kabati niliousahau wazi.

"Pazuri hapa," akasema akijisugua. "Ni pa kupikia wageni. Lakini jiko la kusimama ni la watu wanaotaka kuondoka." Akarudi kwenye mafiga yake matatu, kwenye moshi wake.

Nilimfuata Cephas nyuma ya nyumba nikamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa Onyango. Alikaa kwenye tofali akinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Nimejenga jiko lako, Rispa," akasema. "La mama yako bado."

Jumatano iliyofuata Mama alikuwa aende kisiwani Mfangano kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, siku tatu. Rafiki yake Monicah akaja kumchukua, akamshika mkono kama kawaida yao, wakateremka kuelekea ziwani. Nilisubiri sauti zao zipotee, kisha nikamwita Cephas mlangoni pa jiko la zamani.

"Ingia," nikamwambia.

"Rispa, unajua unachosema?"

"Najua. Nimeingia humo maisha yangu yote na sioni cha kukusaidia. Macho ya fundi ni yako. Ingia utoke."

Akasimama kidogo akitazama ua wa ojuok, ile minyaa inayozunguka boma, kama kuna mtu. Kisha akavua viatu, akainama, akaingia. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Nikakaa mlangoni nikichambua dagaa wa omena ambao tayari walikuwa safi. Mtu akimwona, aibu ingekuwa jambo dogo. Mama akisikia, hatakanyaga tena chochote kilichojengwa na mkono wa Cephas, na Pasaka ndiyo hiyo.

Hata nusu saa haikwisha. Nilisikia sauti ya Monicah nje ya lango: ziwa limechafuka, mashua imekataa kuondoka. Kisha nikaona kitambaa cha Mama juu ya ua.

"Mama! Umerudi mapema hivyo?" nikapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

Monicah alimwacha langoni. Mama akaja moja kwa moja kwa njia anayoijua. Jiko lile lina mlango mmoja, na mlangoni nilikuwa mimi.

"Nina njaa," akasema.

"Pumzika, Mama, acha nikupikie."

"Jikoni kwangu?" Akanisukuma bega kidogo, akapita, akaingia.

Nilibaki nje. Ndani mna mitungi miwili mikubwa na gunia la mahindi, na nyuma ya gunia mtu anaweza kujibana, kama si mrefu. Cephas ni mrefu. Nikangoja kelele. Nikasikia kuni zikivunjwa. Nikasikia Mama akiongea peke yake, kama wazee wafanyavyo: chumvi hii hapa, mwiko huu hapa, maji yangu haya. Mama ambaye ugali wake huiva kabla hujamaliza kunawa, siku hiyo alikokota mpaka saa saba. Nilimlaani Onyango, nikailaani kalenda, nikamwomba Mungu msamaha, nikaanza upya.

Hatimaye akatoka na sahani yake, akaenda kulia nyumba kubwa, akafunga mlango. Cephas akatoka na majivu mpaka kwenye nywele, macho mekundu. Hakusimama. Nilimkuta ufuoni, ameinama ananawa uso.

"Amekuona?" nikamwuliza.

"Mama yako haoni."

"Haoni vizuri, ni moshi. Hilo tunajua."

"Haoni, Rispa. Gunia halikunificha, nilikuwa mbele yake kama wewe ulivyo hapo. Anaweka kiganja juu ya moto ndiyo ajue umewaka. Chumvi iko shubiri mbili kutoka figa la kushoto. Mwiko umetundikwa kwenye msumari uliopinda, usawa wa sikio lake akiwa amekaa. Mtungi uko nyuma ya bega la kulia. Hakukosea hata mara moja. Mle ndani anaona kuliko mimi. Ukimtoa tu, ndipo anakuwa kipofu."

Nikakaa kwenye mchanga nikalia, na zaidi ya huruma ilikuwa aibu. Mkono wa Monicah niliouita urafiki. Kuni, kuku, vitunguu, safari zote nilizotumwa ili nisimwone akipapasa. Na nilijua kwamba Onyango akipata habari hii, hatangoja Pasaka.

"Usimwambie mtu," akasema Cephas. "Nipe siku kumi."

Kesho yake yeye na Makori walizivunja zile meza. Waliacha moja tu, chini ya dirisha linalotazama ziwa, kwa kiwiko changu na cha yeyote atakayekuja kusaidia. Kando yake wakajenga baraza ndefu ya kukalia wageni. Jiko lenyewe likashuka chini: la matofali, midomo miwili, kimo cha mafiga, na chimni yake ya kuvuta moshi wote juu. Kuizunguka sehemu ya moto, Cephas aliinua ukingo mdogo katika sakafu ya simiti nyekundu, ili kidole cha mguu kipate habari kabla ya mkono. Ukuta wa juu akaupaka chokaa nyeupe, wa chini akaukandika udongo wa kichuguu kile kile kilichokandika jiko la zamani. Akachimba kishubaka cha chumvi, shubiri mbili kutoka mdomo wa kushoto wa jiko. Makabati yakabaki bila milango. Mwisho akachukua msumari mpya, akaupinda kwa jiwe, akautazama, akaunyoosha, akaupinda tena. Makori alimwuliza kama amerukwa na akili.

Onyango alifika Jumamosi kuamkia Pasaka. Akaingia na viatu vyake vya Nairobi, akazunguka, akagusa chokaa.

"Mbona jiko liko chini hivi? Hii ndiyo kisasa?"

"Subiri apike kwanza mwenye jiko," nikamjibu.

Mama hakuwa ameingia mle tangu siku ya kabati. Cephas alikaa nje karibu na ghala, mgongo kwetu, maana hata siku hiyo hakuruhusiwa kutazama. Nilitaka kumshika Mama mkono. Ningemshika, yote yangekwisha.

Akaingia. Mguu wake ukagusa ukingo, ukasimama, ukaupapasa. Akakaa. Onyango alikuwa amejiegemeza kwenye meza, mikono kifuani, hapepesi macho. Mkono wa Mama ukaenda kushoto, ukakuta chumvi. Ukapanda usawa wa sikio, ukakuta mwiko. Uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina la utotoni. Kisha akageuza bega la kulia, akanyoosha kata, na kata ikachota hewa.

Mtungi. Cephas alikuwa ameuwekea kitako chake pale pale, na kuubeba ilikuwa kazi yangu, nami nilikuwa nimesahau. Mkono wa Mama ukaning'inia. Onyango akajiinua kutoka kwenye meza.

"Rispa," akasema Mama bila kugeuka, "mmenijengea jiko zuri hivi mkasahau kwamba ugali unataka maji? Mtungi wangu uko wapi?"

Nilikimbia. Nyuma yangu nilimsikia Onyango akicheka, akisema tangu utoto kichwa changu ni cha kuazima. Sijawahi kufurahia tusi kama lile.

Alipika samaki wawili wa ngege na ugali. Moshi ulipanda chimni wote, na upepo wa ziwa ukaingia dirishani. Onyango alikula sahani mbili, akajinyoosha kwenye baraza akiwa na viatu vyake, na habari za Nairobi hazikutajwa. Kufumba na kufumbua alikuwa anakoroma.

Mama akapakua sahani nyingine, akanikabidhi. "Mpelekee ora, mkwe wangu, kule nje," akasema kwa sauti ya chini. "Na umwambie akija tena kupima jiko la watu, ale kwanza. Siku ile tumbo lake lilinguruma mara tatu nyuma ya gunia langu."

Sahani nusura iniponyoke. "Mama, ulijua?"

"Macho ndiyo yameondoka. Masikio yapo." Akafuta mwiko kwa kiganja. "Nikajisemea, huyu maskini amekuja kunipima. Basi nikapika polepole, nikamtajia kila kitu."

"Na mwiko je?"

Mama huzungumza Kiswahili akitaka utani tu. Akauinua ule wa kusongea, akaugeuza mbele ya macho yake yasiyoona, huku na huku.

"Mwiko ni mzima, haujavunjika," akasema. "Wewe uliona mtu jikoni kwangu? Mimi sikuona." Akanyoosha mkono, akautundika kwenye msumari.