Mikono ya Mpishi wa Matanga

Makala iliyonipa jina katika utafiti ndiyo iliyomharibia jirani yetu jina lake. Kila ninapoalikwa kuhutubia, wenyeji wangu huanza kwa kuisifu, nami huinamisha uso.

Nililelewa Eastlands, katika mtaa ulio hatua chache kutoka Kaloleni. Mama akiwa zamu kiwandani, jirani wa mlango wa tatu ndiye aliyenilisha. Huyo alikuwa mpishi wa matanga. Mtu akifa mtaani, kabla jamaa wa mbali hawajapigiwa simu, yeye alishatoa sufuria zake kubwa na mwiko. Sifa yake ilikuwa hiyo tu, kwamba waombolezaji hawakulala njaa.

Kipindupindu kilipozuka baada ya matanga ya kinyozi mmoja, nilikuwa tayari mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, nikatumwa kwetu. Nilipita nyumba kwa nyumba na hojaji niliyoinakili kutoka kitabu cha chuo. Ulikula nini? Ulikunywa nini? Ulianza kuhara lini? Watu walikuwa wamekufa, wakiwemo watoto niliowajua. Jibu lilijitokeza wazi hata nikajiona hodari: waliokula ugali na kuku waliugua, waliotoa pole na kwenda zao hawakuugua. Mpishi mwenyewe alipimwa akapatikana na vijidudu, ingawa hakuumwa sana. Nikaandika kwamba chanzo kilikuwa mpishi. Sikumtaja jina, kana kwamba mtaa wetu ulihitaji kutajiwa.

Makala ilinukuliwa kila kona, nami nikapandishwa cheo. Siku moja kijana wa mtaani alinisimamisha. "Niaje, daktari. Kumbe ule mathe ndo alitumaliza?" Nikamweleza habari za vijidudu, lakini sikumwambia hapana. Wengine walisema lisemwalo lipo. Alipofika kwenye matanga mengine na mwiko wake, wanawake wenzake waliupokea kwa upole, wakauweka kando, wakamwonyesha kiti. Mwaka haukuisha kabla hajahamia kwa binti yake, katika mtaa uitwao Tena.

Kisha mtu mwingine akafa, matanga yakawa uwanja ule ule, wakapika wengine, na watu wakaugua tena. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua na hojaji yangu haikuliuliza. Kwetu hakuna anayegusa ugali kabla ya kunawa, na anayeondoka bila kula hanawi. Waliokula wote walinawa maji ya pipa moja, wakamega tonge kwa mikono iliyolowa. Hojaji ile iliandikwa na watu wanaokula kwa uma, lakini mimi nimekula kwa mkono maisha yangu yote! Fundi alichimba, akakuta bomba lililojaza pipa limepasuka karibu na mfereji wa majitaka. Mpishi alikuwa amenawa kama wengine, akaambukizwa pamoja nao.

Niliandika masahihisho. Makala ya kwanza inanukuliwa hadi leo, masahihisho hayana msomaji. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini alikuwepo mtu mmoja niliyetaka ayasikie, nikayapeleka Tena mwenyewe.

Nilimkuta sebuleni na mjukuu wake mchanga, binti akifua nje. Nilimfafanulia yote kwa Kiswahili, polepole.

"Kwa hivyo si mimi?" aliuliza.

"Si wewe, mama. Ni maji. Nilikosea mimi. Nisamehe."

"Na ile ya kwanza, ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Na wakati ule ulikuwa umesoma vile vile, daktari?"

Zamani aliniita mwanangu.

"Basi, nimekusamehe," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka mgeni asiumie. Mtoto akaanza kulia. Bakuli la uji lilikuwa mezani mbele ya bibi, na uji ulikwisha poa. "Mama mtoto!" aliita. "Kuja, mtoto ana njaa."

Binti alijibu kwamba ana mapovu mikononi. Mtoto alilia hadi mama yake alipojisuuza, akajikausha, akaja kumlisha. Muda wote huo bibi yake alikuwa ameketi karibu naye, mikono ameificha chini ya leso aliyojifunga.