Kwangu Kwako: Alama za Ngozi za Fundi Soli

Jengo lilipofungwa kwa ukarabati, Fundi Soli, mshona viatu, aliondolewa kwenye ngazi za mbele na kusukumwa uchochoroni, nyuma ya duka la kuchapa, kwenye mlango wa buluu ambao hata paka aliupita bila kugeuka. Mwenye duka alishamwambia bila kumung'unya maneno: kona ikikosa wateja, ataijaza makaratasi yake. Na Soli hakuwa na kona nyingine ya kwenda.

Silaha yake ilikuwa blogu. Usicheke. Soli aliandika kuhusu visigino kama wengine wanavyoandika kuhusu mapenzi, na watu walisoma. Sasa alitaka wakimaliza kusoma waingie kwenye ukurasa wake wa picha, ambako mlango wa buluu ulionekana pamoja na maelekezo ya kufika.

"Si uyaandike hayo maelekezo kwenye blogu yenyewe?" mkewe aliuliza.

"Kila kitu na mahali pake, mama. Kiatu hakivaliwi kichwani."

Blogu ilikuwa na alama zake za tayari za kubofya, za kuweka ubavuni. Soli akazikataa, eti zimefanana kama kandambili. Akakata ngozi ya buti, kipande kimoja umbo la kamera, kingine umbo la bahasha, akavizungushia uzi mweupe, akavipiga picha na kuzipandisha kwenye blogu. Nyuma ya kamera akabandika anwani ya ukurasa wake, nyuma ya bahasha anwani ya sanduku lake la barua pepe. Akabofya. Kamera ikafungua picha zake, bahasha ikafungua barua zake. Akajisikia mhandisi.

Hakuja mtu. Kisha akaja muuguzi, mteja wa siku nyingi, amekunja uso na mkoba kwapani.

"Fundi, nani kakuruhusu kuweka picha zangu kwenye blogu yako?"

"Picha gani, dada?"

"Nimebofya kamera yako, nikajikuta mwenyewe! Mimi na keki yangu! Nikabofya bahasha, barua zangu zote hizi hapa. Unanipeleleza?"

Soli akatoa simu yake, akabofya. Akajiona yeye, na gundi mkononi.

"Mbona mimi najiona mimi?"

"Na mimi najiona mimi!"

Mkewe, aliyekuwa ndani akipanga kamba za viatu, akabofya kwenye simu yake. "Ah! Na mimi nipo. Kumbe ni kioo?"

Wakabaki wanabadilishana simu kama watoto. Kila simu ilimwonyesha mwenyewe. Soli akakigeuza kile kipande cha ngozi, akakinusa, akakibofya kwa kidole gumba kama anayepima ncha ya kiatu. Ngozi haikusema kitu.

Mkewe akaisoma ile anwani polepole. "Hapa mwishoni umeandika nini?"

"Sikuandika. Nimeinakili ilivyo kwenye simu yangu. Inasema 'kwangu'."

"Basi umewaambia watu wote waende 'kwangu'. Muuguzi akisoma 'kwangu', anakwenda wapi?"

"Anakuja kwangu!"

"Anakwenda kwake, baba! Mimi nikisema 'kwangu', ni kwako?"

"Kwako si ndiyo kwangu?"

"Ndoa tuiache pembeni kidogo."

Soli akafumba jicho moja, kama anayetunga uzi. Neno lile lile, kila mdomo na nyumba yake? Mkewe hakumsubiri. Akautafuta ukurasa wa mumewe kwa simu yake mwenyewe, akanakili anwani aliyoikuta, ikiwa na jina la Soli mwishoni, akaibandika nyuma ya kamera. Bahasha akaiandikia anwani ya barua pepe ya Soli kwa herufi, kila mtu aisome.

Muuguzi akabofya tena. Mlango wa buluu ukajaa kwenye kioo cha simu. Akautazama, akainua macho, akautazama ule wa mbao.

"Ndiyo hapa," akasema, kama vile ndiyo kwanza amefika. Akatoa mkobani kiatu kilichoachama mdomo.

"Yaani anwani ya kwangu," Soli akanong'ona, "mpaka itoke kwenye simu ya mke wangu?"

Mwenye duka la kuchapa akatokea na rundo la makaratasi kifuani. Pale mwanzo wa uchochoro alisimama mtu asiyemjua, kiatu kimoja mkononi, ameinua simu, anailinganisha na mlango. Mwenye duka akamtazama, akaitazama kona, akageuka na makaratasi yake.

Soli hakumwona. Alikuwa bado anabofya ngozi.