Njaa Isiyokuwa Yangu

Siku ile ya soko la Ufaransa naikumbuka kuliko harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu ilichinjiwa ng'ombe watatu. Darasa la nne sikulimaliza. Lakini malori mawili yanayopanda Kalinzi kufuata kahawa ni yangu, na katika rika langu hapa Ujiji, nani mwingine amekanyaga Ulaya? Nitajie. Basi nisikilize.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi wa Burundi. Mimi kijana, mabega kama mlango, nashusha watu na mizigo mitumbwini. Palikuwa na muuguzi Mfaransa, Klara, Kiswahili chake cha Kigoma hasa, na mkubwa wake wa kazi, bwana mmoja mrefu. Walitaka kwenda na mzee wa Kirundi hadi mji wa kina Klara, kusini mwa Ufaransa, akasimulie masaibu yake sokoni ili watu wachange. Hati za mzee zikakwama. Yule bwana akanigeukia.

"Wewe Mtanzania, pasi utapata. Ukifika, sema umekimbia vita. Nani atajua?"

Nikakubali. Tamaa ya ndege hiyo.

Mji wenyewe wa kale, mawe matupu, soko chini ya matao. Wanasema watu wameuza na kununua pale tangu enzi za mababu wa mababu. Sikubabaika. Ujiji nayo ilikuwa soko la watu wa mbali kabla babu yangu hajazaliwa! Jibini, asali, vitunguu saumu vimesukwa kama nywele za bibi harusi.

Wakanipandisha juu ya kreti, kando ya picha za kambi. Nikaanza kudanganya, Klara anatafsiri macho chini. Mama mmoja akalia, akanitia mkate mkononi. Nikaupokea. Ulikuwa mzito kuliko gunia lolote nililowahi kubeba.

Ndipo muuza vitunguu saumu, mzee kibogoyo, akaacha meza yake.

"Muulize huyu," akamwambia Klara. "Siku aliyokimbia, jikoni kwao aliacha nini?"

Mzee akaendelea: "Mimi nilifika hapa kwa miguu kutoka Hispania, mtoto mdogo, vita nyuma yetu. Mama aliacha dengu motoni. Mpaka leo nasikia harufu ya dengu zikiungua. Aliyekimbia hasahau. Haya, wewe?"

Jibu nilikuwa nalo, mwanangu. Bibi mmoja wa Kirundi niliyembeba mgongoni kutoka mtumbwini alinilowesha shingo kwa machozi: "Ibiharage vyanje biri kw'iziko!" Maharage yangu yako jikoni. Ningesema "maharage" tu, yangeisha. Ulimi ukagoma. Kilio chake nilikwisha kukiiba. Nimwibie na chungu?

"Sikuacha kitu," nikasema. "Sijawahi kukimbia."

"Mwizi wa mkate ningemsamehe," mzee akasema. "Wewe umeiba njaa."

Yule bwana akanivuta shati. "Shuka! Kesho unarudishwa kwenu!"

"Nirudishe hata leo! Kwetu nakujua!"

Sikushuka. Nikamrudishia yule mama mkate wake, nikapaza sauti: "Mimi Muha wa Ujiji! Mama yangu ameinjika sufuria ya msibani, anawagawia wageni ugali na dagaa, na hajapigwa picha hata moja. Lakini sufuria ina mwisho, na watu bado wanashuka. Mkitoa, wapeni wao, kwa machozi yao wenyewe!" Kisha nikawasimulia ya bibi na maharage yake, nikisema wazi ni yake. Safari hii Klara alitafsiri kichwa juu, sauti yake ikaishinda yangu.

Mzee akachukua shada la vitunguu saumu, akanivika shingoni kama koja la maua.

"Mpelekee mama yako. Sufuria kubwa hainogi bila hivi."

Kesho yake wakanirudisha kweli. Nilishuka Kigoma nanukia kama jiko la harusi. Mama akavitia vile vitunguu kwenye dagaa, na yule bibi wa maharage alikula mboga ile. Nikamweleza yote. Alinichapa kofi la mgongo, kisha akaomba aongezewe ugali.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usisimame mbele ya watu ukajikuna. Ukiwa na shida, sema yako. Ukisema ya mwenzako, mtaje ni yake. Na mkubwa akikusimamisha juu ya kreti useme uongo, usishuke: sema kweli ukiwa palepale juu, akufukuze akitaka.

Mungu akupe sufuria kubwa na wageni wa kuimaliza. Na siku utakapoulizwa uliacha nini jikoni ulipokimbia, akujalie usiwe na jibu.