Piki Apu ya Mwaloni

Kila harufu ya dagaa wanaokauka juani inaponifikia hapa Nyakato, namsikia mama akicheka.

Siku ile tulikuwa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, dagaa tumewaanika kwenye nyavu. Nilikuwa nakariri kwa sauti maana za pick up, somo la Kiingereza la kesho yake: kuokota kitu, kupokea simu, kumfuata mtu stendi. Mama, ambaye hakusoma, alikuwa anageuza dagaa huku akinifuatisha.

"Neno moja linafanyaga kazi zote hizo?" akauliza. "Wazungu wabahili!"

Mara wingu likafunika ziwa. Kwetu mvua ikija huulizi dagaa ni wa nani. Unazoa walio karibu nawe. Mama akakaza kitenge kiunoni, akapaza sauti: "Piki apu! Jamani, piki apu!"

Mwalo mzima ukaitikia, hata jirani aliyekuwa hasemi na mama. Wakazoa mbio, wakicheka hadi kupaliwa. Matone ya kwanza yalikuta nyavu tupu.

Kesho yake darasani nikaongeza maana ya nne: kuzoa dagaa wa jirani kabla mvua haijafika. Mwalimu, mke wa mvuvi, akageuka akaiandika ubaoni.