Zamu ya Nambari Saba

Vyumba vitatu vya kwanza nilivyoenda kuona Ruiru vilikuwa wazi kwenye simu. Nilipofika langoni na magongo yangu, vyote vikawa vimechukuliwa dakika hiyo hiyo. Sitasema uongo, nilikasirika. Masomo yalikuwa yanaanza Jumatatu, na nyumbani kwetu mtaa wa Landless, Thika, mama alikuwa ameshaanza kunishawishi nisome nikitokea huko. Nami nilitaka kuwa mpangaji kama wanafunzi wenzangu, mwenye mlango wake na ufunguo wake.

Cha nne kilikuwa Mugutha, kwenye ploti ya vyumba kumi, vyote vya chini, choo na bafu za pamoja mwisho wa koridoo. Mwenye ploti, mwanamke mzee wa kuitwa cucu, yaani bibi, mwenye kitambaa kichwani, alinitazama mguu.

"Ngai! Pole, mami."

"Pole ya nini, cucu? Mguu huu nilizaliwa nao. Tumezoeana."

Akacheka, akanifungulia nambari saba. Dirisha kubwa, sakafu kavu, mlango mpana. Nilikipenda papo hapo.

Kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa choo. Ilikuwa zamu ya usafi wa koridoo, choo na bafu, nambari moja hadi kumi, kila mmoja na Jumamosi yake. "Hii wewe usijali," akasema kwa upole. "Hao wengine wataosha. Wewe nimekutoa."

Hapo nilikasirika kuliko nilivyokasirika langoni kwa vile vyumba vitatu. Maisha ya ploti nayajua. Asiyeosha choo hana la kusema hata nguo zake zikiangushwa kutoka kwenye kamba. Wangenisalimia vizuri mbele na kunihesabu mzigo nyuma.

"Cucu, si mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi nakaa hapa miaka minne. Kama siko kwa zamu, chumba sichukui."

Niliyasema hayo kifua mbele. Lakini chumba cha tano sikuwa nacho.

Alinikagua tena, safari hii usoni. "Na utaosha aje na hizo fimbo?"

"Nikiwa nimekaa. Nyumbani ndivyo ninavyoosha."

"Haya basi," akasema, akatoa kalamu. "Hii Sato inakuja ni yako."

Jumamosi niliketi kwenye kistuli, brashi mkononi, nikijisogeza kidogo kidogo kutoka mlango wa kwanza hadi chooni. Msichana wa nambari tatu alikuja mbio kuninyang'anya brashi. Nilimwambia angoje zamu yake. Nilipomaliza mgongo uliniuma vibaya, nami nikajiona bingwa.

Sikuwa nimekaa dakika kumi kitandani mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa mama wa nambari nne, anayefanya kazi kiwandani, taulo begani.

"Wewe nambari saba! Kwenu choo kinaoshwa hivi? Umeacha sabuni kwa kona yote, kidogo nivunjike kiuno! Rudi umwage maji!"

"Pole, mama. Nakuja."

Nilirudi na magongo yangu nikitabasamu kama mjinga. Watu wasionijua hunong'ona nikipita, hunihurumia, wengine huniombea barabarani bila kuombwa. Huyu alinifokea. Nikamwaga maji kila kona, nikijua sasa kwamba nimepata nyumba.