Pini Niliyoisahau Tononoka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya pikipiki kule Shimanzi, sikupewa hata spana. Foromani, mzee wa Kihindi mwenye sauti nyembamba, alinisimamisha mbele ya stendi ya kuinulia pikipiki: meza ya chuma yenye miguu inayopishana kama mkasi. Ukikanyaga pedali, jeki ya mafuta huisukuma juu.

"Hii jeki kazi yake nini?" akaniuliza.

"Kushikilia pikipiki juu, bwana."

"La! Inainua tu. Kinachoshikilia ni pini."

Akanionyesha pini nene inayopenyezwa kwenye miguu ile. Jeki ikivuja, meza haishuki. Kisha gurudumu la mbele hubanwa, na mikanda hufungwa kutoka kwenye usukani, huku na huku, ndipo uguse boliti.

Baada ya miaka sita nilihamia gereji moja ya Tononoka. Meneja wa pale alipenda haraka. Asubuhi moja alikuwa akipita kila dakika: "Bado tu?" Nilikanyaga pedali, nikafunga mikanda, nikamwita fundi mwenzangu Salim aje kukaza cheni. Pini ilibaki juu ya kabati. Salim alipiga goti, mguu mmoja umeingia chini ya meza. Jeki ikavuja, meza ikamshukia. Kishindo kilitoka mara moja tu, halafu nikamsikia Salim.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Jioni meneja akaniita ofisini.

"Tutaandika kuwa Salim alikwenda kinyume cha maagizo. Wewe nyamaza, kazi yako ipo."

Nikanyamaza. Siku mbili nilizunguka Tononoka kwa miguu, nikifika mlango wa hospitali narudi. Siku ya tatu niliingia ofisini, nikasema mbele ya makarani wote kwamba pini niliisahau mimi. Nikafukuzwa papo hapo. Nikaenda hospitali moja kwa moja.

Salim alinisikiliza akitazama dari.

"Jana waliniletea karatasi ya kukiri kosa, nitie sahihi," akasema. "Niliwaambia waje leo. Nilikuwa nakungoja wewe."

Matibabu gereji iliyalipia, lakini mpaka leo Salim anachechemea.

Baadaye nilifanya kazi kwingine, mpaka nikawa foromani mwenyewe, na vijana waliniona mkali kupita kiasi. Sasa nimestaafu. Hapa Mji wa Kale, chumba cha chini cha nyumba yetu nimekigeuza gereji, nikaweka stendi. Pikipiki yangu ni nzima, lakini mwezi huu nimeipandisha mara tano. Naikagua, naishusha, nakaa kidogo, nainuka tena.

Juzi nilikuwa nimeshusha meza na kufungua mikanda, gurudumu la mbele tu bado limebanwa, mke wangu, Bi Zuhura, akasimama mlangoni.

"Imeharibika nini?"

"Haijaharibika."

"Sasa wahangaikia nini, baba Mwanaisha?"

Miaka yote sikumwambia. Nilimweleza nikiwa nimeshika kitambaa cha mafuta: pini, kishindo, zile siku mbili.

Alipandisha mikono ya deraa, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Haya, fungua hilo gurudumu tuiteremshe," akasema. "Nimeshika."